Namna ya Kuhudhuria Jumuiya ya Kujifunza na Kutoka Salama

Karibu, mwalimu mwenzangu. Vuta kiti, rudishia mlango. Haya si mambo ya kusikiwa na Afisa Elimu Kata.

Zamani ilikuwa raha. Barua inakuja, unaitwa semina wilayani siku tatu. Unasaini nauli, unasaini posho, unakunywa chai na sambusa mbili, unamsikiliza mwezeshaji aliyefundishwa mkoani na mtu aliyefundishwa na wakubwa waliofundishwa na wenye kitini chao. Elimu ile ilibebwa ngazi kwa ngazi kama maji ya ndoo isiyo na kifuniko, ikimwagika kila kona, hata inapokufikia wewe imebaki kalamu, daftari na mkoba wa kitambaa wenye nembo ya mradi. Usipojifunza kitu, lawama si yako. Ni ya mwezeshaji, au ya feni ya ukumbini, au ya wali uliochelewa.

Sasa wametuletea MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Sehemu kubwa ya mafunzo haya inafanyika ndani ya jumuiya za kujifunza, na hapo ndipo mtego ulipo. Ninyi wenyewe, walimu wa shule moja, mnakaa ofisini kwenu, mnataja mada inayowasumbua, mwenzenu mmoja anaongoza mjadala, mnakubaliana la kujaribu, mnakwenda kulijaribu darasani, kisha mnarudi kuambizana limekwendaje. Hakuna mgeni wa kumlaumu. Nauli hakuna, kwa sababu hujaenda kokote. Chai ni ileile ya mama wa pale getini, na unailipia mwenyewe.

Ijue kwanza hatari yenyewe. Mkusanyiko wa aina hii haukupi mtihani, haukufokei, haukuandikii barua. Silaha yake ni sentensi moja tu: "Jamani, mimi hii mada inanishinda." Ikishatamkwa na mwalimu mmoja, wa pili atasema "hata mimi", wa tatu atasema "mimi huwa nafanya hivi", na hapo mmekwisha; mmeshaanza kujifunza. Kazi ya mwongozo huu ni kuhakikisha sentensi hiyo haitamkwi, na ikitamkwa, isitoke kinywani mwako. Una miaka yako kazini. Wazazi wanakuita Mwalimu hata sokoni, na wengine uliwafundisha wao, sasa unafundisha watoto wao. Huwezi kuja kujivua nguo mbele ya vijana wa ajira mpya.

1. Mada iwe pana

Kikao cha kwanza mtaulizwa: tuanze na lipi? Usinyamaze. Anayenyamaza hapa anawaachia uwanja wenye nia njema. Nyosha mkono upesi, pendekeza "Mbinu shirikishi katika ufundishaji na ujifunzaji". Kama imeshafanyika, pendekeza "Umuhimu wa zana". Kama nayo imeshafanyika, una "Mtaala mpya na nafasi ya mwalimu". Mtaala wenyewe ulianza kutekelezwa Januari 2024, bado una miaka mingi ya kuzungumziwa. Mada nzuri ni ile ambayo mtu anaweza kuihutubia saa nzima bila kumtaja mtoto hata mmoja.

Mada ya kuogopa ni ile ndogo. Tuseme kuna binti wa ajira mpya, anafundisha Hisabati Darasa la Tatu, anaingia kikaoni na madaftari mawili mkononi. Swali lilikuwa 502 − 178. Mtoto wa kwanza kaandika 476. Wa pili kaandika 424. Jibu ni 324, kwa hiyo wote wamekosa, na kwa mtu mwenye rundo la madaftari mezani, kosa ni kosa, unapiga alama unakwenda kwa mwingine.

Binti huyu haridhiki. Anauliza kwa nini wamekosa tofauti. Ukitazama (usitazame!) utaona mtoto wa kwanza hakukopa kabisa. Kila safu kachukua namba kubwa akaitoa ndogo, hajali ipi iko juu na ipi iko chini: nane na mbili, sita, saba na sifuri, saba, tano na moja, nne. Wa pili anajua kukopa. Mbili kaifanya kumi na mbili, sifuri kaigeuza tisa kama alivyoona ubaoni, ila ile tano kaiacha vilevile. Amekopa mahali ambapo hakuna aliyetoa. Huyu anahitaji kukumbushwa hatua moja. Yule anahitaji kurudi kwenye vijiti, ashike fungu la mia, alifungue mwenyewe liwe makumi kumi, achukue kumi moja alifungue tena liwe mamoja. Makosa mawili, dawa mbili, na wewe miaka yote umewapa wote dawa moja: "Rudia."

Unaona ilivyo mbaya? Madaftari mawili tu, na baada ya dakika kumi ofisi nzima imeinamia meza moja. Mwalimu wa Sayansi anahesabu vizibo vya soda. Mwalimu wa Darasa la Nne amekimbia kuleta madaftari ya kwake aone kama na huko wapo akina 476. Mwingine anasema, kumbe ndiyo maana kugawanya kunawashinda. Kikao kimeshaharibika, hakirekebishiki.

Kwa hiyo ukiona tu daftari la mtoto linaingia, liwahi. Sema kwa upole: "Mwalimu, hilo zuri sana, lakini ni la kitaalamu. Watu wa Hisabati walimalize pembeni, tusiwachoshe wenzetu wa Kiswahili." Kisha rudini kwenye mbinu shirikishi.

2. Saa iwe mbaya

Ijumaa, saa nane na nusu mchana, matumbo matupu.

Kama mwalimu mkuu ni mtu wa utaratibu na ameshaweka Jumatano, usipingane naye. Mwombe tu atumie nafasi hiyohiyo kutoa matangazo machache. Matangazo machache ya mwalimu mkuu hayajawahi kuwa machache. Yataanza na usafi wa vyoo, yatapita kwenye michango ya chakula cha wanafunzi, yatatua kwenye takwimu zinazotakiwa wilayani kesho asubuhi bila kukosa, na kama ni msimu wake, Mwenge. Yakiisha, jumuiya imebakiwa na robo saa na kila mtu ameshika mkoba.

3. Uwe na ushahidi wa ng'ambo

Mtu anayekwepa kwa maneno yake mwenyewe huitwa mvivu. Anayekwepa kwa maneno ya Mmarekani huitwa mwanazuoni. Hapa pana hazina, sikiliza vizuri.

Kulikuwa na Mmarekani aitwaye Harrison Owen. Miaka ya 1980, baada ya kuhangaika kuandaa mkutano mkubwa, aligundua kwamba kilichowafurahisha wajumbe kuliko vyote ni mapumziko ya kahawa. Akabuni mkutano ambao wote, mwanzo hadi mwisho, unakwenda kwa mtindo huo: watu wanakaa duara, mwenye jambo analiandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani, wanaovutiwa nalo wanamfuata. Akauwekea kanuni. Waliokuja ndio wanaotakiwa. Lililotokea ndilo pekee lililoweza kutokea. Utakapoanza ndio wakati wake. Ukiisha, umeisha. Na juu ya hizo akaweka sheria ya miguu miwili: ukijikuta mahali ambapo hujifunzi wala huchangii, inuka, miguu yako ikupeleke penye faida.

Alichokusudia mwenyewe si kazi yetu. Sisi tuzitumie. Umechelewa dakika arobaini? Utakapoanza ndio wakati wake. Wamekuja watatu kwa sababu wengine hukuwapa taarifa? Waliokuja ndio wanaotakiwa. Na mjadala ukianza kusogelea darasa lako, simama, chukua mkoba, ondoka. Mwalimu mkuu akikuuliza unakwenda wapi, mjibu kwa utulivu kwamba unatekeleza sheria ya miguu miwili. Hatauliza mara ya pili. Hakuna kiongozi anayependa kuonekana hajasoma.

Owen aliwapa majina hata watu wa aina yako. Wanaohama kikundi hadi kikundi aliwaita nyuki, maana alidai wanahamisha mawazo toka huku kwenda kule. Wanaokaa pembeni tu, wamependeza, hawafanyi lolote, aliwaita vipepeo, na aliwatetea: alisema mazungumzo mazuri huzuka palepale walipokaa. Wewe uwe kipepeo. Tafuta kivuli cha mwembe. Ila uwe mwembe wa mbali, mazungumzo mazuri yasije yakakufuata.

Wapo pia walimu wa Philadelphia, hukohuko Marekani; kuhusu hao, tahadhari. Mwaka 2010 walianzisha mikutano wanayoiita Edcamp. Hakuna mtoa mada aliyealikwa, hakuna kiingilio. Asubuhi mnakuta ubao mtupu, kila mwalimu anaandika anachotaka kukizungumzia, na ratiba ya siku nzima inazaliwa hapohapo. Siku yenyewe mara nyingi ni Jumamosi. Narudia: Jumamosi, na hawalipwi. Habari hii isifike ofisini kwenu kwa njia yoyote ile. Ila ule ubao mtupu una fundisho lake, kwamba anayewahi chaki ndiye mwenye mkutano. Basi wahi. Andika CHANGAMOTO ZA ELIMU kwa herufi zinazokula nusu ya ubao, na nusu iliyobaki andika MENGINEYO.

Hao angalau wana ubao. Waskoti ndio walionikosesha usingizi. Tangu mwaka 2006, pale Edinburgh, wana kitu kinaitwa TeachMeet. Mwalimu anasimama kueleza jambo moja alilolifanya darasani mwake. Alilolifanya, si alilolisoma. Anapewa dakika saba. Kama jambo ni dogo, mbili. Haruhusiwi kuuza kitu. Na ikawa desturi kwamba anayepitiliza muda anarushiwa ngamia. Mdoli wa kitambaa, haumizi, lakini fikiria fedheha. Dakika saba! Kwetu dakika saba hazitoshi hata kuwatambua viongozi waliopo meza kuu. Kabla ya kila kikao, kagua ofisi. Ukikuta mdoli wa aina yoyote, upeleke darasa la awali.

4. Ukipewa uwezeshaji, gawa vikundi

Zamu yako itafika. Usihofu. Mwezeshaji ndiye aliye salama kuliko wote chumbani, kwa kuwa yeye anauliza, hajibu.

Anza na utambulisho. Mmefanya kazi pamoja miaka, mnajuana mpaka majina ya watoto, haidhuru. Kila mtu aseme jina lake na chakula anachokipenda. Halafu mkusanye matarajio. Halafu mtunge kanuni za kikao, simu ziwe kimya, tuheshimu mawazo ya kila mmoja. Halafu mchague mwenyekiti, katibu, mtunza muda na mchangamshaji. Mchangamshaji awaongoze makofi ya pasha, asimamishe watu, waimbe, wazunguke, wakae. Hapo nusu ya kwanza imekwisha na hakuna aliyeumia.

Nusu ya pili ni ya vikundi. Kikundi A kijadili maana ya zana za kufundishia. Kikundi B, umuhimu wa zana. Kikundi C, faida za zana. B na C watarudi na orodha ileile, na hilo ni jema, mtawapongeza kwa kufikia mwafaka. Kikundi alichomo yule binti wa ajira mpya, mfanye yeye katibu. Mwambie ana mwandiko mzuri. Mwenye kalamu ya rangi mkononi na bangokitita mbele yake hana nafasi ya kuzungumza; muda wote anauliza, "Mmesema inaandikwaje?"

Uwasilishaji ufuate, kila kikundi, kila hoja, isomwe neno kwa neno kutoka kwenye karatasi ambayo wote wanaiona. Wakimaliza, sema, "Kama hakuna swali, makofi ya kilo tano." Bangokitita libaki ukutani. Mwakani mtaligeuza muandike nyuma.

5. Ukichangia, tumia maneno yasiyomgusa mtu

Kuna siku ukimya wako utatiliwa shaka. Siku hiyo changia, tena kwa kusimama.

"Nashukuru kwa kupata nafasi. Nianze kwa kumpongeza mwezeshaji. Niungane na mchangiaji aliyenitangulia, alilosema ni sahihi kabisa, nami niongezee kidogo tu." Mpaka hapo umetumia dakika nzima na bado hujasema kitu. Endelea na "kimsingi". Kimsingi ni neno zuri, linaashiria kwamba umeona mizizi ya jambo huku wenzako wakihangaika na majani. Baada ya hapo, tujengeane uwezo. Tubadili mtazamo. Tutoke nje ya mazoea. Funga na "Ni hayo tu kwa leo," useme kana kwamba mengine umeyahifadhi kwa hekima.

Ukitaka kuwanyamazisha kabisa, mtaje Vygotsky. Alikuwa mwanasaikolojia wa Kisovieti, alifariki 1934, hawezi kuitwa kuthibitisha. Sema alisisitiza kuwa mtoto hufika mbali zaidi akisaidiwa na anayemzidi ujuzi kuliko akiachwa peke yake. Ni kweli, linakubalika kila mahali, na halimlazimishi mtu kufanya lolote tofauti kesho asubuhi. Ipo hatari ndogo. Mwenye akili anaweza kujiuliza kama na mwalimu naye hufika mbali zaidi akikaa karibu na mwenzie anayemzidi, tuseme anayemzidi kufundisha kutoa kwa kukopa. Mwenye akili huyo kwa kawaida ndiye katibu, na ameinama anaandika jina la Vygotsky. Linamchukua muda.

6. Sentensi ikishatamkwa

Pamoja na tahadhari zote, itatokea. Mtu ambaye hukumtarajia, pengine yule mzee wa Jiografia anayebakiza mwaka mmoja astaafu na haogopi tena kitu, atasema katikati ya mjadala, "Mimi niwe mkweli. Usomaji wa ramani unanishinda. Naupitia juujuu kila mwaka." Ofisi itanyamaza. Utaona nyuso zikilainika, watu wawili watatu wakivuta pumzi nao waseme. Una muda mfupi sana.

Kwanza, mfariji. "Aah, Mzee wetu, wewe tena! Unajidharau bure." Watu wacheke. Aliyefarijiwa vizuri hapati tena mlango wa kurudia alichosema.

Akirudia, hamisha lawama, na hapa nataka uwe makini, kwa sababu wengi hukosea kwa kusema uongo. Huhitaji uongo. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mna darasa lenye mara mbili ya hao, na waliokaa sakafuni wanaandikia magotini. Atlasi mnayo moja, haina jalada. Watoto wengine wametembea saa nzima wakaja bila kula. Wazazi hawakagui daftari. Yote hayo ni kweli tupu, na aliyeyapuuza akiwa kwenye kiti cha ofisi yenye kiyoyozi hajui anachosema. Uongo hukamatwa. Ukweli ulioletwa mahali pasipo pake haukamatwi na mtu. Waambie hayo na utaona jinsi hasira ya haki inavyopanda: kila mmoja ana kisa chake, kila kisa kinazaa kingine, na swali la namna ya kumfundisha mtoto kutofautisha mlima na bonde kwa kusoma kontua linazama taratibu chini ya mambo mazito zaidi kuliko lenyewe.

Mchunguze tu yule wa kuuliza, "Sawa, na hawa tisini tulionao kesho asubuhi tuwafanyeje?" Kuna mtu wa namna hiyo katika kila shule. Usibishane naye, atashinda. Mpongeze kwa hoja nzito, kisha mteue mwenyekiti wa kamati ya kulifanyia kazi. Kamati itakutana muhula ujao. Funika kombe, mwanaharamu apite.

7. Ukialikwa darasani kwa mwenzio

Baadhi ya jumuiya zimefika mbali zaidi, zinatembeleana madarasani. Hili linafanana na desturi ya Wajapani iliyozidi karne moja: walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanasimama darasani kuangalia watoto wanavyofikiri, kisha wanalijadili somo, si mtu aliyelifundisha. Neno la kuogopa hapo ni watoto. Wewe mwangalie mwalimu. Kaa nyuma, kunja nne, andika: ubao umegawanywa vizuri, sauti inasikika, mavazi nadhifu, amezunguka darasani. Usithubutu kuchuchumaa kando ya dawati ukamnong'oneza mtoto, "Hili umelipataje?" Atakujibu.

Ukiwa wewe mwenyeji, fundisha somo la jana. Ukiulizwa kama watoto wameelewa, wageukie watoto: "Tumeelewana?" Wataitika "Ndiyoooo!" Tangu shule zijengwe, swali hilo halijawahi kujibiwa hapana.

8. Simu

Kundi la WhatsApp la jumuiya likifunguliwa, weka ua la "Jumatatu njema" kila Jumatatu, na mtu akituma kitini cha kurasa themanini, uwe wa kwanza kuandika "Shukrani sana Mwalimu, madini matupu." Uandike ndani ya dakika moja, kabla hakijamaliza kupakuliwa. Masomo ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu nayo yapo. Huko kisingizio ni bando, na nacho, bahati nzuri, ni cha kweli.

9. Taarifa

Hapa ndipo kazi yote inapolipwa, maana kikao ambacho hakijaandikiwa taarifa hakijafanyika, na kilichoandikiwa kimefanyika.

Picha ziwe tatu. Ya kwanza, wewe umesimama mbele ya bangokitita, kidole kinaonyesha mstari wowote. Ya pili, vichwa vimeinama vinaandika. Ondoeni kwanza bakuli la maandazi mezani. Ya tatu, picha ya pamoja nje, chini ya bendera. Waliohudhuria: wote. Mafanikio: walimu wamejengewa uwezo katika mada husika. Changamoto: muda haukutosha. Mapendekezo: posho. Sehemu ya "Kilichojaribiwa darasani na matokeo yake" ina mistari mingi mitupu kwenye fomu, inatisha ukiitazama. Andika "Utekelezaji unaendelea."

Wazoefu huiandika taarifa kabla ya kikao, na nawaunga mkono, inampunguzia mtu mawazo. Lakini shule moja, siitaji, ilituma yake saa tano asubuhi kwa ajili ya kikao cha saa nane. Ilieleza kwamba mjadala ulikuwa wa moto na kila mshiriki alichangia kwa hamasa. Saa saba ikashuka mvua ya mawe, bati likapiga kelele mpaka watu wakawa wanaongea kwa ishara, kikao kikaahirishwa. Na Afisa Elimu Kata, aliyekuwa akipita na pikipiki, alikuwa amejibanza humohumo ofisini akisubiri mvua ikatike, simu mkononi, anaisoma.

Kwa hiyo iandike mapema, ndiyo. Ila kabla ya kuituma, toka kwanza nje utazame mawingu.